Ngano ya Mawifi Wawili

Kinanda alitia punje chache za ngano mdomoni, akazitafuna kwa upande wenye meno mazima, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Imekauka," alisema. "Pakia."

Mama Pacha naye akachota kwenye gunia lile lile. Punje zilivunjika bila mlio, zikamnata kwenye meno. Akameza, akakaza kamba ya gunia, akashika upande mmoja. Wifi yake akashika wa pili. Juu ya tela alisimama dereva wa trekta, ambaye watu walimwita Taratibu kwa sababu hata kuku walimpita barabarani. Akalivuta gunia juu, akalilaza pamoja na mengine.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Walitamani mno tu iwe kavu.

Mwenye mashine ya kuvuna alikuwa amewaahidi zamani, ngano ikiwa bado inachoma mikono kwa ukavu. Lakini kila asubuhi mashine ilipita mbele yao ikiunguruma kuelekea shamba kubwa, lile lililowazunguka pande tatu. Mwenyewe hakuwa mjinga. Akimuudhi tajiri amekosa kazi ya msimu mzima. Akiwaudhi wanawake wawili amekosa salamu tu. Alipowakumbuka, manyunyu ya kaskazini yalikuwa yameshamtangulia.

Shamba lilikuwa la marehemu. Kwa Mama Pacha alikuwa mume, kwa Kinanda alikuwa kaka. Alianguka humo humo msimu wa kupanda, mfuko wa mbegu ukiwa bado begani. Watu walidhani Kinanda, kwa ulimi ule alio nao, angemtimua mjane kabla machozi hayajakauka. Badala yake alikuja na godoro lake kichwani, akalitupa chini chumbani. "Nisipokuwepo," alisema, "nani atakukaripia?" Tangu hapo wakalima pamoja na kugombana pamoja, na mabinti pacha wa marehemu, walioolewa mbali, wakawa wanatuma salamu kwa "mama zetu".

Ila msimu huu Kinanda alikuwa amechoka kulima. Alitaka wawakodishe wenye shamba kubwa, ambao walishawaomba. Mama Pacha hakutaka kusikia. Walibishana jikoni, wakabishana kisimani, mwisho wakakubaliana: ngano ikiingia ghala la serikali, wanalima tena, ikikataliwa, wanakodisha. Maana nje ya ghala mnunuzi alikuwa mmoja tu, shamba kubwa hilo hilo, na bei yake ilikuwa kama ya kumpa mfiwa pole.

Ghalani walipokelewa na mpimaji, binti mpole aliyevaa sweta la buluu lililotoboka viwiko. Aliwaamkia, akachomeka kifaa chake cha kupima unyevu kwenye gunia, akakitazama, akachomeka gunia la pili.

"Mama zangu, bado ina maji."

"Hicho kidude chako ndicho kina maji," alisema Kinanda.

"Nimepima mara mbili, mama. Nikiipokea hivi itaota ukungu humo ndani, iharibu na ya wenzenu."

Mama Pacha akamgusa wifi yake mkono. "Mwache mtoto wa watu. Anasema kweli."

"Kaanikeni, mkirudi nitawapimia bila foleni," binti aliwaambia.

Mahali pa kuanika palikuwepo: uwanja mpana wa saruji, mbele ya ghala. Kila mkulima mdogo wa upande ule alikuwa amebeba kokoto kuujenga, na marehemu alibeba mpaka akachubuka mabega. Leo ulikuwa umefunikwa na ngano ya shamba kubwa, ukuta hadi ukuta.

"Tupe hata kona," Kinanda alimwambia mlinzi. "Huu uwanja si ni wetu?"

"Ni wenu, mama. Ila mimi nimeajiriwa kulinda geti. Kulinda haki hawajaniambia."

Ikabidi watoke nje. Kando ya ukuta palikuwa na sehemu tambarare yenye jua. Taratibu akatandika turubai lake, wao wakatandika mashuka, Kinanda akavua hata mtandio wake. Wakamwaga ngano, wakavua viatu, wakaanza kutembea juu yake wakiburuta nyayo, mmoja akienda na mwenzake akirudi, ili punje za chini zipande juu zikapigwe na jua. Upepo ulikuwa mkali, wa baridi, lakini mkavu. Mama Pacha aliushukuru kimoyomoyo, ingawa vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Ndege walipotua, Kinanda aliwaimbia. Ndege wakaruka wote.

"Hata wao wana masikio," alisema Mama Pacha.

"Sauti hii kaka yangu aliipenda."

"Kaka yako alikuwa kiziwi wa sikio moja. Alikuwa anakugeuzia lile."

Kinanda alicheka mpaka akashika magoti. Alipoinuka hakuwa akicheka tena. Alisimama katikati ya ngano, akaitazama miguu ya wifi yake iliyopasuka visigino.

"Unajua kwa nini nataka tukodishe?"

"Magoti yako. Umeniambia kila siku."

"Magoti yangu hayana neno. Mwaka huu wakati wa palizi nilikuona umeinama, ukakawia kuinuka. Nilitupa jembe nikakimbia. Kumbe unafunga kamba ya kiatu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilimwokota kaka yangu kwenye lile shamba, wifi. Wewe sitaki kukuokota. Sina mgongo wa kubeba wawili."

Mama Pacha aliendelea kuburuta miguu mpaka walipokutana, akamshika mkono, wakageuka pamoja. Kuanzia hapo wakawa wanakwenda bega kwa bega, ingawa si ndivyo ngano inavyogeuzwa.

Jua lilipoanza kuinama, Kinanda alitafuna tena. Safari hii punje zililia, na hata Taratibu alizisikia. Wakazoa, wakapepeta vumbi, wakajaza magunia. Mpimaji alichomeka kifaa chake, akatabasamu kabla hata hajasema.

"Imepita! Nendeni mizani."

Lakini kwenye mizani alikuwa amesimama meneja wa ghala, mikono mifukoni.

"Tumefunga."

"Jua lote hili?" aliuliza Kinanda.

"Nafasi iliyobaki ina wenyewe. Malori yao yako njiani."

"Wenyewe gani? Sisi tumekuja asubuhi."

"Mlikuja na ngano mbichi."

"Tumekauka sisi na ngano yetu. Tupokee basi kesho."

"Kesho ghala litakuwa limejaa. Mama, msinitie matatani. Na mimi nina wakubwa zangu."

Msimamizi wa shamba kubwa, ambaye alikuwa amekuja kutangulia malori yake, alishuka kwenye gari lake akawasogelea. Alikuwa mtu wa heshima, hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mama zangu, mnajitesa bure. Ngano nitaichukua mimi hapa hapa. Na lile suala letu la shamba tulimalize, mkapumzike. Umri huu si wa kutembea peku barabarani."

Mama Pacha alitazama miguu yake. Ilikuwa na mavumbi mpaka kwenye vifundo. Alimkumbuka Kinanda akitupa jembe na kukimbia, na kitu ndani yake kikalegea.

"Wifi," alisema polepole, "ahadi ni ahadi. Tukodishe tu."

Kinanda akamgeukia, macho yamemtoka. "Ahadi ilikuwa ikikataliwa. Hii imekataliwa na nani? Kifaa kimeikubali, binti kaikubali!" Akageuka. "Taratibu! Ingiza trekta getini."

"Niingize halafu?"

"Halafu uzime."

Taratibu aliingiza trekta kwa mwendo wake ule ule. Tela lilipofika katikati ya geti, akazima, akashuka, akatia ufunguo mfukoni.

"Imegoma," aliwatangazia watu. "Inataka kupumzika. Umri wake si wa kubeba mizigo ikiwa peku."

Malori ya shamba kubwa yalikuwa yameshafika. Yakajipanga nje, yakapiga honi. Meneja akafoka, akataja polisi. Mlinzi aliombwa aisukume trekta. Akaishika kwa vidole viwili, akasema ni nzito. Mpimaji akatoka nje na kifaa chake, akasema kwa sauti iliyotetemeka lakini ikasikika, "Hii ngano imepita, bwana meneja. Nimeipima mwenyewe." Utingo mmoja wa lori akaruka chini. "Tupakue yao tuondoke, jamani, tuna njaa!" Akabeba gunia la kwanza begani bila kusubiri ruhusa.

Meneja alipima akiwa amenuna. Alipima zaidi kidogo ya nusu, kisha akaweka mikono juu ya mizani: basi, hata wakilala hapo. Polisi wawili walikuwa wameonekana wakija. Mama Pacha akamvuta wifi yake. Taratibu akakumbuka kwamba trekta imeshapumzika.

Walirudi wameketi juu ya magunia yaliyobaki, mtandio mmoja umewafunika wote wawili. Nyuma yao malori yalikuwa yanaingia getini moja baada ya jingine.

"Nusu tu," alisema Mama Pacha. "Na msimu ujao watatufanyia hivi hivi."

"Watatukuta."

"Na kuniokota je?"

"Kuanzia sasa wewe ni wa kumwaga mbegu na kunipikia. Palizi ni yangu na vibarua. Ukiinama nakupiga."

Walipofika kwenye shamba lao, mabua yalikuwa yamesimama mafupi katika mwanga wa jioni, na pande tatu shamba kubwa likaenea mpaka macho yakachoka. Kinanda akagonga kibao cha tela. Taratibu akasimamisha trekta.

"Lini unakuja kulima?"

"Nilidhani mnakodisha."

"Nani kakwambia? Njoo mvua ikikatika. Na ulime mpaka mpakani kabisa."

"Mpakani hasa?"

Kinanda alitazama upande wa shamba kubwa, kisha akamtazama wifi yake, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mtandio ili asicheke.

"Trekta yenyewe nzee," alisema Mama Pacha. "Ikiyumba kidogo kwenda ng'ambo, nani ataigombeza?"