Mayai ya Mtawa

Nyumba ya kijijini Kirushya ilikuwa imeshafichwa na migomba, na pikapu inarukaruka kwenye makorongo kuelekea Runazi, Mzee Anastazi alipomwambia mkwewe kwa mara ya tatu apunguze mwendo. Alikuwa amepakata ndoo ya unga wa mbao uliolowa kidogo, na ndani yake mayai tisa ya nyoka yaliyotagwa juzi. Miguuni kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia mama yao, nyoka wa rangi ya udongo asiye na sumu, aliyekuwa amewakomesha panya wa mzee kwa miaka minne.

"Baba, ndoo si tungeiweka nyuma?" Pancras aliuliza.

"Nyuma kunaruka. Mayai ya nyoka hayageuzwi, mkwe. Likitagwa limelala hivi, linakaa hivyo hivyo mpaka mtoto atoke." Alikuwa ametia kila yai doa la mkaa juu, ajue likigeuka.

Pancras alikuwa amekubali kumchukua baba mkwe akae kwake Runazi, maana mguu wa mzee ulikuwa umechoka baada ya kuzunguka Burundi, Rwanda na machimbo yote ya huku kwetu. Aliyekataliwa ni nyoka.

"Samahani, baba. Dume lake umewahi kuliona?"

"Sijaliona."

"Basi huyo ni mtawa. Na mtawa hazai."

Tecla, mke wa Pancras na binti wa mzee, alicheka kwenye kiti cha nyuma mpaka akajifunika kanga. Wakakubaliana: siku ya kumi mayai yapimwe. Yakiwa na uhai, Mtawa anabaki na kulinda ghala la mahindi. Yakiwa maji matupu, anakwenda porini. Mzee akasema sawa. Tangu afiwe na mkewe, kilichokuwa kikitembea ndani ya nyumba yake usiku kilikuwa kiumbe hicho tu.

Ndoo ikawekwa kando ya ukuta wa jiko, panapofika joto la moto.

Siku ya kumi, baada ya chakula cha mchana, walijifungia watatu ghalani na ndoo, gizani. Mzee alikuwa amekata kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi ndani, akakibana kwenye tochi ya simu ya Pancras ili mwanga utoke mwembamba na kuligusa yai bila kuliinua.

La kwanza likawaka manjano kama mafuta, na duara la kahawia lisilo na uhai. La pili vivyo hivyo. Na yote mawili, doa la mkaa halikuwa juu.

Pancras akakohoa kwa adabu. "Pole, baba."

"Nani ameyagusa haya?"

Tecla akajibu: "Mimi, baba. Kuku wangu anayageuza ya kwake kila siku. Nikaona haya yamekosa wa kuyageuza."

"Umegeuza yote?"

"Nilitaka. Hayo saba yameshikana kama yamegandishwa kwa ugali. Nilivuta, nikaona yatapasuka, nikayaacha."

Mzee akainama tena. La tatu likawaka waridi. Mishipa myekundu ilitawanyika ndani yake kama mizizi ya mche wa maharage, na katikati kitone kinadunda.

"Naomba simu," Pancras akasema. Akapima yote saba mwenyewe, akarudia. "Hili linadunda. Baba, na hili nalo linadunda."

"Mtawa amezaa. Kamwombe radhi."

Pancras akatoka, akapiga magoti mbele ya boksi alimohamishiwa nyoka, mkewe akitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mzee akamjibia kutoka ghalani.

Saba wote walitoka, baada ya miezi miwili. Watatu walibaki ghalani kwa Pancras, wawili alipewa jirani yao Xavery, wawili walipotea. Pancras anauza mahindi yasiyotafunwa, na wateja wake hupiga hodi mara mbili kabla ya kuingia. Tecla anafuga kuku, na ndoo ya baba yake haigusi. Mzee Anastazi alikaa Runazi mwaka na nusu, akachoka kukaa, akahamia Biharamulo mjini kwa mwanawe wa pili. Alipanda basi na fimbo na gunia. Kondakta hakuuliza kuna nini ndani.