Jogoo wa Mtani

Marijani alikuwa mwongo, tena mwongo mwenye kibali. Yeye Mzaramo, Leonardi Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikuita mtumwa wake unacheka, akitaka kuku wako unamfungulia banda mwenyewe. Rosalia, mkewe Leonardi, aliyakubali yote hayo. Alichoshindwa kusamehe ni kile kisa cha mwaka uliopita.

Leonardi alikuwa fundi wa magari. Kila mwaka, magari ya Kenya, Uganda na Tanganyika yaliposhindania ubingwa, alikaa ubavuni mwa bwana mwenye gari, spana miguuni. Yalikuwa magari ya kawaida tu, haya haya ya kumpeleka mke kanisani, ila yalikimbizwa utadhani yameibwa. Basi mwaka ule Marijani aliingia uani kwao Manzese akijigaragaza mavumbini, anapiga mayowe kwamba gari limemmaliza Leonardi. Rosalia akaanguka, majirani wakaangua kilio. Kumbe, jamani, Leonardi kajibanza nyuma ya ukuta na kikombe cha ushindi mkononi, hana mbavu kwa kucheka. Marijani akakamata jogoo, haki yake ya utani, akaondoka naye kwapani. Rosalia akaapa kwamba mtu yule hampati tena.

Mwaka huu, siku magari yanarudi kutoka Morogoro, Rosalia alikuwa anasonga ugali Marijani alipotokea. Safari hii hakujigaragaza. Alisimama tu, shati limelowa damu, akasema gari limepinduka Kibamba, Leonardi yumo kwenye lori pale barabarani, anamwita.

Rosalia alicheka mpaka akashika kiuno. Akamuuliza hiyo damu ya mbuzi wa nani. Majirani nao wakasogea kutazama mchezo, mmoja akimshauri Marijani alie vizuri kidogo, mwaka jana alilia kwa ufundi zaidi. Marijani akamshika Rosalia mkono, akamvuta. Akapigwa mwiko begani, ua mzima ukacheka. Akaapa kwa Mungu wake. Hata mwaka jana aliapa vile vile. Huko barabarani honi ikalia, ikalia tena, ndefu. Rosalia akamwambia leo kweli kajitahidi, hadi lori kakodi.

"Haya, chukua jogoo wako uende," akasema. "Yule pale."

"Sitaki jogoo, shemeji."

Mwiko ukamponyoka. Mtani hakatai jogoo. Tena mtu huyu, tangu Rosalia aolewe, hakuwahi kumwita shemeji hata siku moja; alimwita mtumwa, mchawi, mla panya, kila jina la utani. Rosalia alitoka mbio bila kanga ya begani, akafika barabarani. Lori halikuwapo. Dereva alikuwa ameona damu haikatiki, akaogopa kungoja.

Marijani alimpakia kwenye baiskeli ya jirani, akakanyaga hadi hospitali huku anahema na kulia. Walimkuta Leonardi ameshafunikwa shuka. Utingo wa lile lori alikuwa amechuchumaa mlangoni, akainuka alipomwona Rosalia.

"Njia nzima alikuwa anauliza, 'Kapanda?'" akasema. "Tukamwambia umepanda, uko mbele na dereva."

Rosalia hakulia. Alibaki kumtazama utingo mdomoni, kama mtu anayengoja aambiwe basi, yameisha, ulikuwa mzaha.

Msibani kila mtu alimngoja Marijani. Mtani ana kazi yake msibani: amwige marehemu, amtukane, awachekeshe wafiwa wapate pumzi. Marijani alijikunyata kando ya banda la kuku. Wazee wakamsihi, wakamkumbusha mila. Akatikisa kichwa. Ndipo Rosalia alipoinuka kwenye mkeka, akamwendea, uso mkavu.

"Jigaragaze, mtumwa wangu," akamwambia. "Lia kama mwaka jana. Sema gari limemmaliza."

Marijani akamtazama. Akajitupa chini, akajigaragaza mavumbini, akapiga mayowe yale yale kwa maneno yale yale. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, kama mila inavyotaka. Rosalia peke yake hakucheka. Alikuwa amewapa mgongo, anatazama nyuma ya ukuta.