Mlinzi wa Usingizi

...na kama kinachomnyima usingizi si mwanga basi ni tumbo, lakini tumbo alilipima mwenyewe, vijiko vichache vya wali na kipande cha samaki mkavu, kwa kuwa kwao Iloilo hakuna mtoto asiyejua kwamba alalaye na shibe ya wali hukaliwa kifuani na jinamizi, bangungot, mwanamume mzima mwenye afya yake akajinyoosha kitandani na asiamke tena, kwa hiyo tumbo halina hatia, na dirisha nalo Crisanto alilibandika foili kona hadi kona, kama wafanyavyo wote wa Yellowknife, mji huu wa kaskazini ya mbali, wenye zamu ya usiku, ingawa jua la Juni la huku, lisilojua kuzama, halina haya, limepata upenyo karibu na komeo na kumdunga shavuni alasiri hii, akageuka, likamfuata sikioni... linabaki godoro, na godoro ni lile lile, kilichobadilika ni kitanda cha pili tu, kitupu tangu Wilmer alipohamia Edmonton, Wilmer ambaye kila akisikia mwenzake anagumia usingizini alimrushia kandambili, oyaa, rudi duniani, zamu yako ya kuosha vyombo bado, na Crisanto akaamka anatukana, na matusi yale, anaona sasa, yalikuwa shukrani... mtu aliyekabwa na jinamizi hujitahidi kutikisa kidole gumba cha mguu, kidole kikitikisika amepona, kisipotikisika shurti awepo wa kumtikisa, na kaka yake Doro hakuwa na wa kumtikisa, kule Dammam alikokwenda kutafuta kazi, alikuwa amepandishwa cheo na kupewa chumba cha peke yake, nyumbani wakachinja nguruwe kwa furaha, chumba cha peke yake, na hakuishi humo muda mrefu.

“Baba Jessa, macho yako bado yako wazi,” simu ikasema kwenye mto, kwa sauti nyembamba ya Ludivina mkewe, kwani huko kwao ni asubuhi na yeye yumo jikoni, simu yake ameiegemeza kwenye kopo la sukari ili amwone, ndivyo wanavyofanya kila siku tangu Wilmer aondoke, yeye alale huku, mkewe amlinde kule, na Crisanto akajibu, “Yalikuwa yamefumba, umeyafumbua wewe,” mkewe akacheka, “Haya, nakuzima sauti, juzi wateja wa keki walikucheka unavyokoroma, lala, mimi nipo,” nipo, neno dogo hilo, akafumba macho juu yake... lakini usingizi haushikwi kwa mkono, na usipokuja leo kazi nayo itaondoka, maana jana aliusinzilia mlango wa oveni amesimama wima, mikate ya hoteli nzima ikawa makaa, na Maureen, mpishi mkuu, mwanamke mwenye moyo lakini mwenye wakubwa pia, akamwambia kwa upole unaotisha kuliko ukali, “Kaka, ukisinzia tena mbele ya moto sina neno la kukutetea,” na kibali chake cha kazi kimefungwa kwenye hoteli ile ile, mkate ukiungua kibali nacho kinaungua, binti yao Jessa anaacha chuo cha uuguzi, kwa hiyo lala, Crisanto, lala, mwanaume gani huyu anayeamrishwa na kitanda kitupu... akafumbua jicho moja kutazama kama mkewe yupo.

Yupo. Ila kichwa chake kimelala juu ya meza, shavu kwenye mkono, kando ya vikapu vya keki za mchele alizoanza kuzipika kwa mvuke kabla ya majogoo, na Crisanto, anayependa kila jambo lijumlishwe mpaka mwisho, akaanza kujumlisha jambo ambalo hakuwahi kulijumlisha, kwamba mkewe huamka gizani, hupika, huuza, kisha badala ya kupumzika huketi kumlinda yeye mpaka adhuhuri, halafu sokoni, halafu mama mkwe wake na miguu yake ya kuvimba, basi mwanamke huyu hulala saa ngapi, na chumbani mwake nani yumo, Jessa yuko bwenini mjini, kitanda chao kina upande mtupu tangu yeye apande ndege, loo, kumbe hesabu yote ya upweke alikuwa akiifanya kwa upande mmoja... mabega ya Ludivina yakatikisika, mdomo ukakunjika, akagumia, Crisanto hakusikia vizuri lakini aliona, anaijua sura ile, akaketi ghafla, “Mama Jessa! Ludi!” hakuna, “Ludivina!” mwanamke hakutingishika, amezima sauti, ndiyo, amemzima yeye, na papo hapo wazo jingine likaja polepole kama maji chini ya mlango, kwamba hata simu hii ya huku sauti yake ameishusha tangu jirani wa ukuta wa pili, naye mlala mchana, alipogonga kwa hasira, kwa hiyo siku zote hizi, kama jinamizi lingemkalia kweli, mkewe angepiga kelele mpaka akauke koo na sauti ingefika kwenye mto wake kama ya mbu, asingeamka, na Ludivina si mjinga, huyo ndiye hulalamika kila siku, ongeza sauti ya simu yako, hunisikii... alijua, alijua tangu siku ya kwanza kwamba hapa halindi kitu, na bado akaketi, asubuhi baada ya asubuhi.

Kivuli kikaingia kwenye kioo, Nang Soling wa nyumba ya pili amefuata kahawa yake, akaweka mkono begani kwa Ludivina, mkono tu, wa mtu, akamtikisa, “We Luding! Unamlinda mume au unamsindikiza?” na Ludivina akazinduka anafuta mdomo, “Nani kalala? Nimefumba macho tu, umbeya huo,” akaishika simu kuigeuza, na Crisanto, ambaye hajawahi kuwa macho namna hii, akajilaza haraka, akafumba, akalegeza taya, akaiacha pumzi itoke nzito na kurudi nzito, kama ya aliyezama kabisa, na jua likimchoma kope hakujigeuza, akasikia sauti ile ndogo, yenye fahari, ikimwambia jirani:

“Umeona? Nikiwepo, analala.”