Fimbo Iliyoshika Dirisha

Samansi ilisema Alhamisi, saa tatu asubuhi, na Osea alikuwa ameitia dole gumba mwenyewe. Kesi ilikuwa kati yake na jirani yake Fanueli, nao waligombea mistari sita ya mibuni kando ya kijito, kule juu ya Ihanda. Osea ndiye aliyeipanda, akainywesha kwa kibuyu miaka miwili ya mwanzo. Kijito kilipohama wakati wa masika, Fanueli naye akasema mpaka umehama nacho.

Jumanne ikaja habari kwamba Loisi, dada yake Osea aliyeolewa Chapwa, amefariki. Kwao kaka ndiye hutupa udongo wa kwanza, wala haondoki matangani kabla ya kunyolewa. Osea hakujiuliza mara mbili. Alichukua fimbo yake, ile yenye waya wa shaba kichwani, akamkabidhi mkewe Tabita aipeleke barazani.

Enzi za baba zao, mwenye shauri akizuiwa na msiba, fimbo yake ililazwa kizingitini kwa mwene, chifu aliyeamua mashauri, na maana yake ilijulikana: sijakimbia, niko njiani. Aliyeileta hakufungua mdomo. Kuisemea fimbo kulikuwa ni kumwambia mwene kwamba hajui desturi za watu wake. Basi Tabita alifika alfajiri ya Alhamisi, akailaza, akarudi kupalilia mahindi. Hapo ndipo walipoteleza, na siwezi kuwacheka, maana wengi wetu tungeteleza nao.

Baraza lilikuwa limebadilika. Siku hizi za Waingereza lilikuwa na daftari, na karani wa kuliandika, na tarishi mgeni kutoka Unyakyusa ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi. Tarishi huyo alikuwa na shida moja kubwa, dirisha la ubao lisilotaka kukaa wazi. Alipofungua mlango akaona fimbo nzuri imelala bure, akamshukuru Mungu, akaegemezea dirisha.

Osea aliitwa mara tatu mlangoni. Karani akaandika kwamba hakufika wala hakuleta sababu. Hakimu, Mzee Yonasi, akasikiliza upande mmoja na kutoa hukumu ya upande mmoja: mibuni ni ya Fanueli. Kisha akatia sahihi hati ya kumkamata Osea kwa kulidharau baraza.

Jumatatu Osea alirejea, kichwa kimenyolewa, miguu imevimba. Alipomwona tarishi akiingia uani alidhani amekuja kumpa pole, akamvutia kigoda. Tarishi alikaa kidogo kwa heshima ya kigoda, ndipo akamwonyesha hati.

Barazani Osea alieleza msiba na fimbo. Mzee Yonasi alimsikiliza hadi mwisho, kwani na yeye alikuwa mtoto wa nchi ile.

"Fimbo naijua," alisema. "Lakini fimbo haiapi, Osea, wala haihojiwi. Na hiyo yako iko wapi?"

Osea aliangaza huku na huku. Ndipo akaiona shaba ikimeta dirishani.

"Ile pale, mzee."

Watu walicheka, ila wazee wa nyuma hawakucheka. Tarishi alikiri kuiokota kizingitini, lakini siku hakuikumbuka. Neno la Tabita halikutosha, kwa kuwa ni mke. Hakimu akauliza kama yupo mwingine aliyeiona fimbo siku ya Alhamisi, la sivyo hukumu inabaki ilivyo. Osea aliona mibuni yake ikimponyoka, na uchungu wa dada ukachanganyika na uchungu wa shamba hata asijue analia nini.

Fanueli alikuwa ameketi palepale alipoketi Alhamisi, chini ya dirisha. Angenyamaza tu, shamba lingekuwa lake. Alitazama kile kichwa kilichonyolewa, akatazama chini, akasimama taratibu.

"Niliiona mimi," alisema. "Siku ile ile. Nilijua ni yake na nilijua amefiwa."

"Mbona hukusema?"

"Fimbo haisemewi, mzee."

Hakuna aliyecheka safari hii. Desturi ilikuwa kweli, na Fanueli alikuwa amejificha nyuma yake siku nne nzima, na kila mtu mle ndani aliliona hilo, hata yeye mwenyewe.

Mzee Yonasi aliifuta hukumu, akapanga kesi isikilizwe upya Alhamisi ya pili yake. Ila samansi haijibiwi kwa fimbo, alisema, na Osea atafyeka majani ya baraza siku mbili ili wengine wajifunze. Osea aliitikia.

Tarishi, kwa aibu, akainuka ampe fimbo yake. Alipoitoa tu, dirisha likaanguka kwa kishindo na chumba kikawa giza.

"Irudishe," Osea alisema. "Alhamisi nitakuja mwenyewe."