Thelathini ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni fundi wa magari, na nikisema fundi nameza mate kwanza. Akikutengenezea breki, ujue honi imekufa. Lakini ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mama alipofariki, yeye alikuwa bado anavaa kaptura za shule, mimi nikamlea. Kwa hiyo mshale wa spidi ulipoharibika kwenye kigari changu cha kupelekea keki, nilimpa yeye. Damu nzito kuliko maji.

Tangu hapo barabarani nikaitwa Kobe. Malori yalinipigia honi, teksi zilinimulika kwa nyuma, na mwendesha baiskeli mmoja alinipita akanipungia mkono. Na mimi nafuata sheria! Kibao kikisema hamsini, mshale wangu uko hamsini. Nikaamua kwamba dunia nzima imejaa vichaa wanaowahi kaburini.

Jioni moja mume wangu alikaa pembeni yangu, keki ya harusi mapajani, akawa anatazama simu yake.

"Mke wangu, mshale wako unasema sitini. Simu inasema arobaini."

"Basi panda simu yako ikupeleke."

"Sikutanii. Shemeji kakuwekea mshale wa gari jingine. Unadanganya."

Damu ikanichemka. Miezi yote ile natukanwa njiani, kumbe kisa ni mtoto niliyemlisha kwa mikono hii! Tulipofikisha keki, nikageuza gari kwenda gereji kwake nikamtolee uvivu.

Njia fupi inakatiza bustani ya jiji. Mle hakuna taa hata moja, na giza lilikuwa limeshaingia. Getini pana kibao: thelathini, mwisho.

"Ongeza mpaka mshale ufike arobaini na tano," mume wangu akasema. "Hapo ndipo utakuwa kwenye thelathini ya kweli."

Mimi nikiwa na hasira sisikii la mwadhini. "Thelathini ni hii ninayoiona hapa," nikamjibu, na nikabaki kwenye thelathini ya uongo kwa ubishi tu.

Tulipomaliza kona, taa zetu ziliangukia kitu cheusi katikati ya barabara. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilipiga kelele, likasimama, bampa ikiwa imegusa nguo ya mtu aliyeinama.

Akainuka na spana mkononi, overoli nyeusi kwa oili toka shingoni hadi miguuni. Pikipiki yake ilikuwa imelala mbele yake, mnyororo umekatika, taa haiwaki.

"We dereva, macho umeyaacha nyumbani?" akafoka. Kisha akakinga mwanga kwa kiganja. "Dada?"

Maneno yote niliyokuwa nimemwandalia yaliyeyuka. Nilishuka nikamkumbatia, oili yake yote ikahamia kwenye gauni langu.

"Mbona umening'ang'ania hivyo, dada? Hujanigonga."

Mume wangu alikuwa ameinama nyuma ya gari, anamulika kwa simu alama za matairi zilipoanzia. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Shemeji," akasema taratibu, "dada yako angenisikiliza mimi, sasa hivi tungekuwa tunakuokota." Akamweleza habari ya mshale.

Mdogo wangu akatazama chini. "Nisamehe, dada. Niliutoa kwenye gari bovu. Kesho nakuwekea mzuri."

"Utaniwekea," nikasema. "Lakini taa ya hiyo pikipiki, tafuta fundi."

Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nimewahi kumshukuru Mungu kwa watoto, kwa afya, kwa keki zilizofika bila kupasuka. Sikudhani ipo siku nitamshukuru kwa kumnyima mdogo wangu ufundi. Nilimshukuru palepale barabarani, kwa sauti, kamasi zinachuruzika, mtoto wa mama yangu akiwa mzima mikononi mwangu.