Mgongo wa Gauni

Kwanza niseme: mimi si mkorofi. Wifi zangu watakwambia vingine, lakini wao wameolewa kwetu, hawakuzaliwa kwetu.

Nina miaka hamsini na mitatu na kibanda cha kushonea chenye vyerehani viwili. Nimeshona sare za shule, magauni ya maharusi, mapazia ya hospitali, hata kitambaa cha kufunika jeneza la mtu aliyekuwa hataki kunisalimia. Nilichokuwa sijafanya ni kusafiri peke yangu. Nikasema mwaka huu naenda kuuona ule mji mkongwe, mji wa majumba ya wafalme na makumbusho, siku nne, mimi na begi langu.

Basi familia ikaitishiwa kikao. Kaka yangu mkubwa tunamwita Mwenyekiti, kwa kuwa hata watu watatu wakikaa kunywa chai yeye hufungua mkutano. Akakohoa, akasema, "Mdogo wangu, mwanamke mzima kuzurura peke yake kwenye mji usioujua, utatutia aibu."

"Nimemzika mume, nimesomesha watoto wawili, leo nitashindwa na mtaa?" nikamuuliza.

"Haya. Nenda. Ila siku nitakayoitwa mimi kuja kukuchukua, safari zako za peke yako zimekwisha. Apa."

Nikaapa mbele ya wote. Hasira zilikuwa zimenipanda, ningeapa hata kuacha kula. Lakini nilikuwa na orodha ya miji sita nyuma ya daftari langu la vipimo, na ule ulikuwa wa kwanza tu. Nikivurunda, mitano iliyobaki kwaheri.

Jamani, kusafiri peke yako! Dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni aliangalia nyuma yangu akitafuta mume. "Mko wangapi?" Nikamwambia, "Unanihesabu au nikusaidie?" Kwenye mkahawa mhudumu aliweka vijiko viwili, akangoja, akauliza kama mwenzangu yuko njiani. Nikamwambia mwenzangu ni mimi, na nina njaa. Siku ya kwanza nilikuwa na wasiwasi, sitadanganya. Nilitembea nimekumbatia mkoba, nikapotea vichochoroni mara mbili, nikakuta ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu wa miaka mingi. Nikakaa pale juu kutazama mapaa ya mji mzima. Hakuna aliyeniambia twende, tumechelewa. Nikacheka peke yangu hadi mpita njia akaniangalia mara mbili.

Siku ya pili nikaingia jumba la makumbusho, lililokuwa kasri la malkia mmoja wa zamani. Mwongoza wageni alikuwa kijana mtanashati mwenye koti la bluu la kazi, sauti yake ya redio kabisa. Akatufikisha kwenye chumba kikubwa. Katikati, nyuma ya kamba, palikuwa na sanamu ya kuvalishia nguo, imevishwa gauni la malkia mwenyewe: hariri ya kijani, mikono mirefu, vifungo vidogo kumi na vinne vilivyoshuka mgongoni.

"Tazameni vifungo," akasema. "Viko nyuma. Malkia hakuwahi kujivalisha. Wajakazi wawili walisimama nyuma yake kila asubuhi. Huo ndio ulikuwa ukubwa!"

Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikasogea hadi kwenye kamba. Mshono mbaya hunikera, lakini huu haukuwa mshono mbaya, ulikuwa mshono mzuri unaonewa. Shingo ya mbele ilikuwa imebana koo la sanamu, ya nyuma inapwaya kiasi cha kuingiza ngumi. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua shingo ya mbele huchimbwa zaidi. Hilo gauni lilivishwa mbele nyuma!

"Samahani baba," nikasema, "hilo gauni limegeuzwa."

Akatabasamu lile tabasamu la kumnyamazisha mtoto. "Mama, limekaa hivi miaka kumi na miwili. Wataalamu wameliangalia." Akaendelea na chumba kingine, na watu wakamfuata.

Ningenyamaza. Kweli ningenyamaza. Lakini nikabaki peke yangu na lile gauni, na mkono wangu una kiherehere kuliko mdomo. Nikainama juu ya kamba nikashika kola, niangalie tu mshono wa ndani. Kengele ikalia jumba zima.

Mlinzi alinifikisha ofisini amenishika kiwiko, si kwa ubaya, kama anavyoshikwa mgonjwa. Akachukua mkoba wangu na simu, akaviweka mezani. "Mama, nani amekuleta hapa?"

"Miguu yangu."

"Uko na nani?"

"Na wewe, kwa sasa."

Akaniona nimechanganyikiwa. Na wakati huohuo, sijui nani kaniroga, simu ikalia. Mwenyekiti. Alikuwa akipiga mara tatu kwa siku, kama kumeza dawa. Kabla sijanyoosha mkono, mlinzi kapokea. "Mzee, una ndugu yako hapa? Tumemshika amegusa mali ya kale. Yuko peke yake na haonekani sawa. Mje mumchukue."

Nilisikia sauti ya kaka yangu hadi nilipokaa. "Napanda basi la jioni. Asubuhi niko hapo. Nilisema mimi!"

Machozi yalikuja, ya hasira. Miji mitano imekwenda, na kwa kosa gani? Kwa kujua kazi yangu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mhifadhi mkuu wa jumba, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Akauliza nimeharibu nini. Nikasimama.

"Mimi sijaharibu. Nyinyi ndio mmemharibia malkia wenu. Nipe dakika tano mbele ya lile gauni, halafu nifukuzeni."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Akasema, "Dakika tano."

Tulipofika, yule kijana mwenye sauti ya redio alikuwa amerudi na kundi jipya, anasimulia wajakazi wake. Nikamwambia, "Mwanangu, vua koti. Livae mbele nyuma. Dada mhifadhi, mfunge vifungo."

Akamtazama bosi wake, bosi akaitikia kwa kichwa. Akavaa. Kola ikamkaba koo, nyuma ikaachama, mabega yakamvuta akasimama ametanua mikono. Watu wakaanza kucheka.

"Unapumua?" nikamuuliza.

"Kwa shida."

"Sasa mtazame malkia."

Wote wakageuka. Kicheko kikakatika. Kola ileile kooni, mwanya uleule shingoni, mikunjo ileile kwapani. Mhifadhi akavaa miwani yake.

"Na hapa," nikasema, nikionyesha bila kugusa, maana nimejifunza. "Hariri imelika kwenye mkono, mviringo kama kikombe. Nguo hulika kiwikoni, mtu akiegemea meza. Kwenu imelika kwa mbele, pale mkono unapokunjwa. Nani anaegemea meza kwa hapa?"

Mhifadhi akakunja mkono wake mwenyewe, akajishika pale, akashika kiwiko. Kisha akaomba glavu, jozi mbili. Moja akanipa mimi.

Tulilivua gauni wawili, taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyelala. Ndani, kandokando ya vifungo, nikaona kilichonimaliza kabisa. Vifungo vitatu vilikuwa vimerudishiwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mikubwa, imepindapinda. Fundi hashoni hivyo, na mjakazi wa kasri angefukuzwa. Hiyo ni kazi ya mtu asiyejua kushona, ambaye kifungo kimemkatikia na hataki kumwita mtu.

"Alijifungia mwenyewe," mhifadhi akanong'ona.

"Kila asubuhi," nikamwambia. "Peke yake, kifuani, kama mimi na wewe."

Tulipolirudisha, vifungo vikiwa mbele, lilikataa kukaa vizuri. Sanamu haikuwa na kifua, walioitengeneza walikuwa maseremala. Mhifadhi akaniuliza kama naweza kuijaza na kuiumba. Nikamwambia hiyo ni kazi ya siku mbili, na sitaki mtu wa kunisemesha.

Asubuhi niliingia kwa mlango wa wafanyakazi. Usiku sikuwa nimelala vizuri, nikimwaza kaka. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kamba, pini mdomoni, watu wamejaa wananitazama, nilipomsikia mlangoni.

"Nimekuja kumchukua dada yangu. Yule aliyeshikwa."

Mlinzi, yuleyule, akasema, "Yule fundi? Mzee, haondoki huyo. Mhifadhi amesema asiguswe mpaka amalize."

Mwenyekiti akapenya katikati ya watu, koti limekunjamana kwa basi. Yule kijana wa sauti ya redio alikuwa anawaeleza wageni upya: malkia aliyejifungia vifungo mwenyewe, na fundi aliyeligundua hilo, huyo hapo chini. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu akaangalia nyuma kuona wanampigia nani.

Nikatoa pini mdomoni. "Uliitwa, kaka. Nimeapa na sirudi nyuma. Nikimaliza hapa, tutaondoka."

Alilitazama gauni, akanitazama mimi na glavu zangu nyeupe, akawatazama watu. Akakohoa, nikajua kikao kimefunguliwa.

"Niliitwa kuja kumchukua mtu aliyechanganyikiwa," akasema, kwa sauti ya chumba kizima kusikia. "Nimeangalia. Hapa simwoni."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kulia pia. Lakini pindo lilikuwa bado halijakaa sawa, na yeye ni mnene.

"Basi sogea, kaka," nikamwambia. "Umenizibia mwanga."