Kunja Koti

Nikutegee moja. Nina mlango usio na kitasa. Nikiketi unafungwa, nikisimama unafunguka, na tangu niache kuchuma majani chai bawaba zake zinalia. Ni mlango gani huo? Usiharakishe. Hata Kipkirui nilimtegea huo huo, nikamngoja siku nyingi.

Kipkirui alikuwa kijana wa Ndanai. Alisomea fisio, ile kazi ya kunyoosha viungo vya watu, katika chuo kikuu kidogo cha kanisa kilichokuwa juu ya mashamba ya chai. Wanafunzi walihitaji wagonjwa wa kujifunzia, na sisi wazee wa kambi ya wachuma chai tulihitaji kutembea, basi tukafaana. Ni mwaka ule wa mvua ya El Nino. Mimi sikutoka mlangoni bila koti langu zito.

Siku ya kwanza nililala kwenye kitanda chao cha mazoezi, akaniambia kwa heshima, "Kogo, kunja koti."

Kogo ni nyanya kwao. Kwetu kando ya ziwa ningeitwa dani, lakini jina la heshima halikataliwi. Nikaamka, nikavua koti, nikalikunja vizuri, mikono ndani, nikaliweka juu ya kiti.

"Si hiyo, kogo. Koti."

"Baba, sina lingine."

Akaligusa goti langu; kumbe g ya mwanzo wa neno ilimtoka kama k. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Yeye hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba mtihani wa vitendo alikuwa ameanguka kwa sababu hiyo hiyo. Mtahini, Madam Drusilla, alisema mgonjwa hakumwelewa. Akianguka tena, chuo kitamfukuza, arudi Ndanai akakamue ng'ombe.

Tangu siku hiyo akaliogopa lile neno. Akawa anasema "hii kitu" na "hapa chini". Ndipo nikamtegea mlango wangu, nikitaka alizoee jibu mdomoni. Jibu alilijua, nilimwona machoni.

"Nipe siku, kogo," alisema kila mara.

Mtihani wa kurudia ukafika, na mgonjwa wake nikawa mimi. Nilikuwa nimejipanga: akisema koti, nakunja goti, imeisha. Lakini Madam Drusilla akaniinamia kabla hatujaanza.

"Mama Apiyo, fanya vile utasikia. Usimsaidie."

Mimi ni mtu wa kanisa, nitadanganya vipi mbele ya macho yale? Nikalishika koti langu vifungo, nikiomba nisilivue.

Kipkirui akanawa mikono. Akanisalimia. Kisha akalitazama goti langu, na jasho likamtoka kwenye baridi ile. Madam akaishika kalamu.

Basi kijana akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akapandisha suruali. Goti lake lilikuwa jembamba kama la mbuzi.

"Kogo, tazama mimi kwanza." Akalikunja polepole, akalinyoosha. "Sasa wewe."

Nikakunja. Nikanyoosha.

"Inauma wapi? Nionyeshe na kidole."

Nikamwonyesha. Tukaendelea hivyo, yeye mbele mimi nyuma, kama watu wawili wanaopanda mlima mmoja, na koti langu likabaki mwilini.

Madam Drusilla alipomaliza kuandika akauliza, "Kumwonyesha mgonjwa kwanza, ulifundishwa na nani?"

"Na mdomo wangu, Madam. Ulinisumbua sana."

Madam akajaribu kukaza uso, ukamshinda. "Umepita, Kipkirui. Umepita vizuri."

Kijana akaegemea ukuta, akashusha pumzi kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Mimi nikagundua vidole vyangu bado vimeng'ang'ania vifungo.

Akanisindikiza mpaka barazani. Mvua ilikuwa imekatika, na chai ya bondeni iling'aa. Madam alikuwa bado amesimama mlangoni nyuma yetu, anatusikia.

"Haya," nikasema, "mlango wangu ule wa bawaba zinazolia. Leo hunidanganyi na 'nipe siku'."

Kipkirui akamtazama Madam, akanitazama mimi. Akainama, akaligonga goti langu kidogo kama mtu anayebisha hodi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini:

"Ni koti, kogo."